Umurudishe, Umulinde

Kaye, yaani madaftari yaliyoandikwa kwa mkono, zilikuwa saba, na Orpa alizipanga juu ya meza ndefu ya imprimerie kwa kufuata mahali zilikotoka. Ya Masereka aliiweka kushoto kabisa, karibu na dirisha, kwa kuwa ilikuwa nzee kuliko zote na karatasi zake zilihitaji mwanga. Ikafuata ya Kyavinyonge, ambayo hata baada ya miaka mingi ilikuwa bado inanuka moshi wa samaki. Kisha ya Lubero, mbili za hapohapo Butembo, na mbili zilizoletwa na watu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni. Moja kati ya hizo ilikuja imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Upande wa kulia aliweka vitabu viwili vilivyopigwa chapa: kile kilichotolewa kwa mashine ya ronéo mwaka 1971, wino wake umefifia, na kile cha jalada la buluu cha mwaka 1988.

Vyote vilibeba maneno yaleyale, au ndivyo ilivyotakiwa: Sala za Asubuhi Makumi Ine, yaani arobaini, zilizotungwa na muinjilisti Malachie Kasonia wa Masereka. Mzee huyo alikufa mwaka 1993, lakini katika nyumba nyingi za milimani watu bado wanaanza siku na sala zake, moto wa jikoni ukiwa haujashika vizuri.

Orpa alikuwa na miaka sitini na miwili. Alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na alipopumzika kanisa lilimwomba asaidie imprimerie yake ndogo ya Butembo kuwinda makosa kabla ya vitabu kuchapwa. Kazi hii ya sala alipewa na pasta Gamaliel, mkubwa wa comité ya vitabu, mtu mpole ambaye bado alimwita Mwalimu kwa sababu Orpa ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Mwalimu, bamama wazee banalalamika," alimwambia siku ile. "Banasema buku ya buluu inasali kama mutu wa télévision."

Orpa alicheka, maana ilikuwa kweli. Mwaka 1988 mtu fulani alisahihisha Kiswahili cha mzee Malachie kutoka mwanzo hadi mwisho, akakivalisha koti na tai, kila sentensi ikaanza na "Ewe Mwenyezi".

"Donc tunataka kuchapa tena, mais tuchape vile muzee mwenyewe alisemaka. Ulinganishe hizi zote, neno kwa neno. Utuambie ya kweli ni gani."

Akaanza. Alichora mistari kwenye karatasi kubwa, kila kaye na safu yake, akaandika kwa bic nyeusi pale zilipokubaliana na kwa nyekundu pale zilipoachana. Wiki ya kwanza alifurahi kama mtu aliyerudi darasani. Katika sala ya saba, watu wa Masereka waliomba, "Ubariki mahindi yetu." Kyavinyonge, ambako maisha ni ziwa na mitumbwi, mahindi yaligeuka kuwa samaki. Mwandishi mmoja wa Butembo, bila shaka mwenye duka, aliandika, "Ubariki biashara yetu." Na kaye ile iliyokuja ndani ya kitenge ilisema, "Ubariki mashamba tuliyoyaacha." Orpa aliisoma mara mbili, akaiandika kwa nyekundu kama zingine, ila mkono wake ulienda polepole.

Wiki ya tatu alifika kwenye sala ya makumi tatu na moja, ile ya aliye mbali.

Hiyo aliijua kwa moyo. Binti yake wa pekee, Shekinah, alivuka mpaka pale Kasindi miaka minne iliyopita kwenda kutafuta kazi ya uuguzi Uganda, akaipata Mbarara katika kliniki ndogo, na hakurudi tena. Si kwamba hakutaka. Kila mara alipopanga safari, habari ya magari kushambuliwa kwenye barabara ya Kasindi kuja Beni ilimtangulia. Baba yake alishazikwa zamani. Nyumbani Orpa alibaki na sauti ya Jumapili kwenye simu, na kila Jumapili aliiuliza sauti ile itarudi lini. Na kila asubuhi alisema sala ya Malachie kama ilivyo katika buku ya ronéo: *Mungu wangu, unaona pahali macho yangu hayafiki. Yule aliye mbali na meza yetu, umulinde kule aliko.* Aliisema, akasikia kama mtu aliyekula bila kushiba. Ni mzazi gani anayeomba hilo tu? Lakini aliona haya kuongeza neno lake juu ya neno la muinjilisti.

Sasa kaye ya Kyavinyonge ilikuwa wazi mbele yake, na ndani yake hapakuwa na *umulinde kule aliko*. Paliandikwa: *umurudishe nyumbani*.

Orpa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akaangalia ya Lubero: umulinde. Za Butembo: umulinde, umulinde. Za wakimbizi, vilevile. Ronéo, umulinde. Jalada la buluu, umlinde, pamoja na tai yake. Ilibaki ile ya Masereka, iliyoandikwa mzee alipokuwa bado hai na mwenye nguvu. Akafunua karatasi zake taratibu karibu na dirisha.

Maneno yote mawili yalikuwamo. Mstarini paliandikwa *umurudishe nyumbani*, yamefutwa. Juu yake, kwa mkono uleule lakini wino mwingine, paliandikwa *umulinde kule aliko*.

Comité ilipokutana, pasta Gamaliel aliitazama karatasi ile. "Iko wazi," akasema. "Muzee alibadilisha mawazo, akatuma mwandishi wake afute. Neno ya mwisho njo yenye nguvu."

"Na batu bamezoea hiyo," akaongeza Apollinaire, mzee wa kanisa aliyekuwa mtunza vitabu vya maktaba. "Tusiwavuruge."

"Aliyebadilisha ni nani?" Orpa akauliza. "Mwandishi wa kaye hii alifuta mara ingine kumi na moja. Nilihesabu. Kila mara ni mustari moja mwembamba, kama mutoto mwenye adabu. Hapa, angalieni."

Akainua karatasi kwenye mwanga. Kalamu ilipita mara nyingi juu ya maneno yale mawili mpaka ikatoboa. Mwanga wa dirisha uliingia kwenye tundu.

"Mutu mwenye kutumwa kufuta, hafutake vile," akasema.

Alijijua. Alijua kwamba hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyetaka neno la kwanza liwe la kweli kama yeye alivyolitaka, na kwamba mtu mwenye hamu hivyo si shahidi mzuri. Kwa hiyo hakuomba wakubaliane naye. Aliomba siku chache. Nyuma ya jalada la kaye paliandikwa kwa penseli: *Imeandikwa na Kavuo, binti ya Malachie, mwaka wa sita.* Pasta wa Masereka, alipopigiwa simu, alisema Kavuo huyo yuko hai. Aliolewa na Mkatoliki wa Beni, akabatizwa upande wa mumewe, na sasa watu wanamjua kama Marie-Jeanne tu.

Orpa alipanda taxi ya asubuhi, kaye ya Masereka kifuani ndani ya bahasha mbili. Njiani alihesabu vizuizi vya askari bila kutaka kuvihesabu. Kabla ya saa sita alikuwa ameketi kwenye ua wa nyumba ya matofali pale Beni, mbele ya mama wa miaka sabini aliyekuwa akigeuza mbegu za kakao kwa nyayo zake juu ya bâche, turubai lililotandazwa juani, hatua kwa hatua, rozari ikicheza shingoni.

"Unisamehe, Mama Orpa," akasema bila kusimama. "Jua yenyewe ni ya kuiba siku hizi. Nikiacha, kakao itaoza. Banasema unatoka kwa kanisa ya papa yangu, muzee Malachie."

"Ndiyo, mama. Tunachapa tena sala zake. Nilikuletea kaye moja uiangalie."

Marie-Jeanne alitoka kwenye kakao, akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge chake, na ndipo akaipokea. Aliigeuza kwanza upande wa nyuma, akaona jina lake la utoto, akatabasamu. Kisha akafunua. Hakutafuta, alikwenda moja kwa moja mpaka sala ya makumi tatu na moja, kama mtu anayejua ngazi za nyumba yake gizani. Akaweka kidole juu ya lile tundu.

"Miaka yote hii," akasema. "Nilifikiri panya walishaikulaka."

Orpa alisogea karibu.

"Ni mimi nilifuta. Papa hakunituma."

Akaeleza akiwa ameshika kaye magotini. Baba yake alijua kusoma lakini kuandika kulimchosha, na macho yake yalianza mapema kuingia ukungu. Kwa hiyo yeye, msichana mdogo, ndiye aliyekuwa mkono wake. Sala zote makumi ine zilipita kwenye bic yake. Ile ya makumi tatu na moja ilitungwa kwa ajili ya Kakule, kaka yake, aliyevuka ziwa kwenda kuvua upande wa Uganda na kuchelewa kurudi.

"Nilimupenda Kakule kuliko kila mutu," akasema. "Alikuwa ananibeba mugongoni mpaka sokoni, hata wakati nilishakuwa mukubwa. Mwaka 1967 mama yetu akapata homa. Homa tu. Papa akanitajia barua ya kumuandikia Kakule: mama yako ni mugonjwa kidogo, ukipata nafasi ukuje umuone. Nikaandika yote vile alisema. Kisha, yeye akitoka inje, nikaongeza mustari yangu moja."

"Mustari gani, mama?"

"'Usipokuja mbio, utakuta tumeshamuzika.'" Alisema maneno hayo kwa sauti ya kitoto, na labda hakujua kwamba sauti yake imebadilika. "Mama hakuwa wa kufa. Alikufa mwaka 1980. Ni mimi tu nilikuwa na hamu ya Kakule."

Kakule alipata barua mchana. Wavuvi wenzake walimwambia ziwa limechafuka, angoje asubuhi. Hakungoja. Mtumbwi ulionekana siku ya tatu, umepinduka, karibu na Kyavinyonge. Yeye mwenyewe hakuonekana.

Kuku alipita juu ya bâche. Marie-Jeanne hakumfukuza.

"Kisha misioni ikaomba sala ya papa, bachape kwa ronéo. Papa akaniambia, Kavuo, nakili kaye yote, vizuri. Nikafika pale. *Umurudishe nyumbani.* Mukono ikakataa. Mimi njo nilimurudisha, Mama Orpa. Unaelewa? Nikaikamata bic, nikafuta mpaka karatasi ikapasuka, nikaandika kile nilitamani tungeomba tangu mwanzo. Amulinde kule aliko. Abaki kule. Nikapelekea misioni hiyo."

"Na muzee hakujua?"

"Ngoja. Kitabu ikatoka, bakaigawa kanisani kule Masereka. Wakati ule papa hakuona tena herufi. Pasta akasema tufungue makumi tatu na moja, tuseme pamoja. Kanisa mzima ikasema *umulinde kule aliko*. Na ndani yake nikasikia sauti moja, ya papa: *umurudishe nyumbani*. Peke yake. Batu bakageuka. Tukirudi, mukono yake juu ya bega yangu, akaniuliza: Kavuo, neno ile uliiandika namna gani? Nikasema: vile ulisema, papa."

Alifunga kaye, akaifungua tena.

"Hakuuliza tena. Lakini kila mara basomapo sala ile, miaka makumi mbili na mbili, alisema ya kwake. Batoto bakacheka, bakasema muzee anasahau. Papa hakusahauka hata neno moja."

Orpa alikuwa na swali ambalo hakulitayarisha. "Lakini Kakule alishakufa, mama. Alikuwa anaomba nani arudishwe?"

"Njo kile sikumuulizaka," Marie-Jeanne akasema. "Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza. Nikaolewa huku, nikawa Mkatoliki, nikasali rozari. Haikuwa juu ya bwana yangu peke yake. Nilitaka kanisa pahali hawasemake ile sala."

Walikunywa chai. Marie-Jeanne alimpa Orpa ndizi za kubeba, akamshika mkono mlangoni, akasema, "Urudishe neno ya papa. Wasingya, asante." Lakini alipokwisha kusema hivyo alionekana amechoka sana.

Kwenye taxi ya kurudi Orpa alipaswa kufurahi. Alikwenda kutafuta neno, akalipata. Mtunzi alisema *umurudishe*, hakuacha kulisema mpaka kufa, na sasa kulikuwa na shahidi. Badala ya furaha alimwona msichana wa miaka kumi na mitatu anayeongeza mstari mmoja kwenye barua kwa sababu ya hamu. Akafikiria Jumapili zake mwenyewe, zaidi ya mia mbili, na swali lake lilelile. Juma lililopita Shekinah alikuwa amemjibu, kwa sauti ya mtu aliyesukumwa ukutani, "Basi Mama, nitakuja Bonané, mwaka mupya. Kwa njia yoyote." Na yeye Orpa alipiga vigelegele.

Alieleza comité yote aliyoyasikia. Apollinaire, ambaye hakutaka watu wavurugwe, alisema dada yake aliyetekwa na watu wenye silaha, wamemwombea *umulinde* kila siku, na mpaka leo hawajui kama amelindwa. "Ile neno pia imeshaombwa sana," akasema. "Sijui kama tunaweza kuiita kosa."

Wakakata shauri: neno la mzee litarudi mahali pake mstarini, na neno la binti yake litawekwa chini ya ukurasa, kwa herufi zisizo ndogo sana. Maelezo waliyaacha kwa Orpa.

Mistari miwili ya maelezo hayo ilimchukua siku tatu. Mwisho akaandika: *Katika nakala nyingi: umulinde kule aliko. Neno hilo lilitoka kwa mmoja wa watu wa nyumba ya mtunzi, naye alikuwa na sababu.* Akampigia simu Marie-Jeanne, akamsomea.

"Mmoja wa batu ni nani?" mama yule akauliza.

"Sikutaka kukufezehesha, mama."

"Nilijificha miaka makumi tano na zaidi. Andika jina. Andika Kavuo, ile ya kwanza. Marie-Jeanne hakuandikaka kitu."

Orpa akaandika Kavuo.

Jumapili iliyofuata, Shekinah alipopiga, mama yake alimzuia kabla hajaanza kueleza alivyopanga safari. Alimsimulia habari za Kavuo na barua, taratibu, bila kuruka kitu. Kisha akasema:

"Shekinah, usikuje Bonané. Si kwa barabara hii."

"Mama, ni wewe unasema hivyo?" Shekinah akauliza.

"Ni mimi. Asubuhi ninaomba Mungu akurudishe, na nitaomba vile mpaka nikufe, usinikataze. Mais wewe, usinisikilize. Baki. Siku barabara itapona utaona mwenyewe, hautangoja nikuite."

Shekinah alicheka kidogo, kisha akalia, na Orpa akamwacha alie. Alipokata simu alikwenda kupika ugali wa mtu mmoja. Bonané ile ilikuwa ndefu. Alikwenda kanisani, alirudi, alikaa mlangoni akitazama mabinti wa majirani wakishuka kwenye pikipiki na mizigo yao, na kuna wakati alijuta kabisa, akashika simu aseme njoo, akairudisha mezani.

Kitabu kilitoka mwezi wa tatu, jalada la kijani. Bamama wazee walikipokea, wakasema sasa muzee amerudi kusema kama mtu. Sala ya makumi tatu na moja ilileta fujo kidogo Jumapili ya kwanza, wengine huku, wengine kule, na pasta Gamaliel aliwaacha. Nakala moja ilikwenda Beni. Nyingine Orpa aliikabidhi kwa mtu wa kupitisha mizigo pale Kasindi, na baada ya siku tisa ikafika Mbarara.

Shekinah alipiga siku hiyohiyo, ijapokuwa ilikuwa Jumatano.

"Nimeisoma, Mama. Nilikuwa kazini, nikaingia chumba ya dawa, nikaisoma kwa sauti."

"Ulisema neno gani?"

"Mama, wewe unafikiri mutu wa mbali ni mimi." Alivuta pumzi. "Mimi nikisoma huku, mutu wa mbali ni wewe. Meza iko hapa, na wewe hauko. Nikasema umulinde kule aliko."

Orpa alikuwa amesimama kati ya marundo ya karatasi za imprimerie, mashine ikipiga kelele nyuma yake. Akaketi juu ya rundo la karatasi nyeupe.

"Soma tena," akasema. "Polepole. Mashine inafanya kelele, sikusikia vizuri."